Keiji Inafune: mtayarishaji aliyekosa wa kumwambia hapana

Wapo wanaomwita Keiji Inafune baba wa Mega Man, roboti shujaa wa gemu za video. Wapo pia ambao wakisikia jina lake wanakumbuka gemu moja tu, Mighty No. 9, na wanakunja uso. Hilo la ubaba tulimalize mapema. Alipoingia Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, mwaka 1987 akiwa mchoraji kijana, mwenzake Akira Kitamura alikuwa amekwishampa Mega Man umbo lake la vidoto vya skrini. Kazi ya Inafune ilikuwa kuligeuza umbo lile liwe mchoro kamili. Mwenyewe amelieleza hadharani, ila watu hawasikii. Aliyemzaa yeye hasa ni Zero, yule mwekundu mwenye nywele ndefu katika Mega Man X ya 1993.

Sifa yake ya kweli iko kwenye utayarishaji. Mtayarishaji hachori wala haandiki programu. Anatafuta pesa, anapanga watu na tarehe, kisha anaamua kipi kiingie na kipi kikatwe. Hapo Inafune alikuwa na shingo ngumu yenye manufaa. Gemu za Dead Rising na Lost Planet zilikataliwa na wakubwa wake, naye akaendelea kuzitengeneza za majaribio hadi wakakubali. Zote mbili zilitoka 2006 kwa ajili ya Xbox 360, mashine ambayo Wajapani wenyewe hawakuijali, na kila moja ikauza zaidi ya nakala milioni moja.

Mwaka 2010 akaondoka Capcom, akaanzisha kampuni yake, Comcept. Tarehe 31 Agosti 2013 akafungua mchango wa Mighty No. 9 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha watu pesa za miradi. Aliomba dola 900,000. Zikaja zaidi ya milioni 3.8. Wengi husema mradi uliharibika kwa sababu pesa zilikuwa nyingi. Mimi naona tatizo ni namna zilivyoahidiwa. Kila mchango ulipovuka kiwango fulani, ahadi mpya iliongezwa: hatua zaidi za mchezo, sehemu ya kucheza mtandaoni, mashine zaidi. Mwishowe gemu moja ya kukimbia na kupiga risasi ilidaiwa matoleo 10: PC, Mac, Linux, PS3, PS4, Xbox 360, Xbox One, Wii U, 3DS na Vita.

Piga hesabu. Kickstarter hukata asilimia 5 yake, wasindikaji wa malipo nao wanachukua chao, halafu kuna zawadi za wachangiaji za kuchapisha na kusafirisha. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Na toleo la konsoli halitoki kwa kunakili faili: mwenye mashine hulikagua kwanza, mathalani linafanya nini kidhibiti kikichomoka katikati ya mchezo, na likishindwa linarudi kurekebishwa. Hitilafu moja inaweza kukufanya upite njia hiyo mara kadhaa. Ndivyo ilivyokuwa: tarehe ya kutoka, Aprili 2015, ikawa Septemba, Septemba ikawa Februari 2016, na ile ya Februari nayo ikapita kwa sababu ya hitilafu za kuunganisha wachezaji mtandaoni. Injini waliyotumia, yaani programu ya msingi ya kujengea gemu, ilikuwa haisasishwi tena, marekebisho yakafanywa kwa mkono. Gemu ikatoka Juni 2016, ikiwa na milipuko iliyochekwa na kila mtu. Toleo la 3DS na la Vita hayakutoka kabisa.

Wanaomtetea wana hoja. Waliojenga gemu ni studio ya Inti Creates, na Inafune alikiri kwamba lawama ni zake. Lakini kuomba mchango mwingine, wa gemu ya Red Ash, Julai 2015, ilhali deni la kwanza halijalipwa, hakuna utetezi unaokufunika. Mchango huo haukufikia lengo.

Ile shingo ngumu ya 2006 haikuwa imebadilika. Capcom palikuwa na mtu mwenye daftari la bajeti akimvuta nyuma. Comcept mwenye daftari alikuwa yeye. Capcom nao walitoa Mega Man 11 Oktoba 2018 bila yeye: mabosi (maadui wakuu) wanane, sawa na Mighty No. 9, kwa PS4, Xbox One, Switch na PC. Matoleo manne tu.