Kibodi ya Gemu kwa Mtu wa Dodoma: Uliza Kwanza Kama Inafunguka

Mtu akiniomba ushauri wa kibodi ya gemu, namuuliza kwanza anakaa wapi. Wa Dar ana unyevu na chumvi ya bahari, huyo ana mambo yake. Wa huku kwetu ana vumbi. Kiangazi kikishakolea na upepo ukaanza, meza uliyoifuta asubuhi mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Ukikaa Nkuhungu au mtaa wowote ambao lami haijafika, ndiyo usiseme. Vumbi lile linazama katikati ya vitufe, linakutana na jasho la vidole, na siku moja W, kitufe cha kwenda mbele kwenye gemu nyingi, inaanza kuandika mara mbili, au haiandiki kabisa, katikati ya mechi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa hela ya kawaida, kibodi ya kununua ni ile inayofunguka, ambayo kitufe kimoja kikifa unabadilisha hichohicho na maisha yanaendelea.

Nyingi zinazoitwa za gemu madukani haziko hivyo. Zina taa za rangi saba, boksi lina picha ya joka, na bei yake inavutia. Ndani ni raba tu: ukibonyeza, kikombe cha raba kinabonyea na kugandamiza karatasi mbili za plastiki zenye njia za umeme zigusane. Sizidharau. Karatasi zile zimefunikwa, vumbi halizifikii kirahisi, na kibodi ya ofisini ya mtumba yenye raba nzuri inaweza kukuzika. Ila raba ya W inachoka kabla ya nyingine zote, na hakuna duka linalouza raba ya W peke yake. Ikifa W, imekufa kibodi.

Zile za swichi, kila kitufe kina springi yake na chuma chake. Zamani zilikuwa za wenye nacho. Muundo unaoigwa sana ni wa Cherry, kampuni ya Ujerumani. Hataza yake, yaani haki ya kuzuia wengine wasiuige, ilipokwisha, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikatengeneza za kwao, bei ikashuka. Raba kwa kawaida hukadiriwa kustahimili mibonyezo milioni 5 hadi 10, swichi milioni 50. Hizo ni hesabu za kiwandani, hazikupigwa kwenye vumbi la Dodoma. Swichi nayo ikiingiwa na uchafu inasumbua. Tofauti ni kwamba ukipata kibodi yenye swichi za kuchomoka, unaing'oa kwa kibanio, unapachika mpya, dakika moja. Muulize muuzaji kama zinachomoka au zimechomelewa kwa risasi. Zikiwa zimechomelewa, utamtafuta fundi. Na uangalie matundu: baadhi ya kibodi za Outemu zina matundu membamba yanayokubali swichi za Outemu tu.

Usilipe kabla hujaijaribu. Ichomeke kwenye kompyuta ya dukani, fungua sehemu yoyote ya kuandika, shikilia Shift zote mbili kwa pamoja, halafu andika sentensi yenye herufi nyingi tofauti. Ukiona herufi zinaruka, rudisha kwenye boksi. Kibodi ya namna hiyo ndiyo inayoleta ugomvi geto mkicheza wawili kwenye kibodi moja: wa kushoto akikandamiza batani zake zote, mtu wa mchezaji wa kulia anaganda, anapigwa, na hapo urafiki unaanza kuyumba.

Kuna hizi mpya za sumaku, kama za kampuni ya Wooting, ambazo kitufe kinahesabika kimeachiwa mara tu kidole kinapoanza kupanda. Ni nzuri kweli. Nyingine zikaongezewa ujanja wa kukupangia kusimama na kugeuka, mpaka Agosti 2024 Valve, wenye gemu ya Counter-Strike 2, wakaupiga marufuku kwenye seva zao, kompyuta zinazoendesha mechi za mtandaoni. Sasa wewe unacheza kwa bando la usiku, seva iko nje ya nchi na mtandao unachelewa tayari, hizo sekunde zilizokatwakatwa unazinunua za nini? Hela hiyo weka kwenye RAM, kumbukumbu ya kompyuta yako.

Waya uwe wa kuchomoka, maana waya hukatika shingoni. Herufi ziwe zimefinyangwa ndani ya plastiki. Za kuchapwa juu zinafutika.

Kusafisha ni brashi ndogo ya rangi, kavu, kibodi ikiwa imepinduliwa. Kitambaa chenye maji mengi hapana.

Halafu sauti. Swichi za bluu zinalia tak tak, na vijana wanazipenda kwa hilo. Kama umepanga chumba na ukuta wenu ni mmoja na mama mwenye nyumba, chukua swichi nyekundu, hazina tak tak hiyo.