Bolti Zilizovaa Sare

Kamati ya harusi ya shemeji yangu ilikaa vikao 9. Vikao 8 vilikuwa vya michango, kimoja cha rangi. Ikapita dhahabu na zambarau. Kina mama wakakatiwa vitenge, wasimamizi wakapewa tai, hata wapiga matarumbeta wakaambiwa watafute skafu. Mimi nilipangiwa kazi moja tu, kuongoza msafara kwa pikipiki yangu. Nikakaa nikawaza: kila kitu kimevaa sare, halafu pikipiki inayotangulia mbele ya watu wote iende kama mzamiaji? Haiwezekani.

Pikipiki yenyewe ni Honda CBR600F4i, silinda nne, CC 599. Nilipoinunua ilikuwa imeshapitia mikononi mwa watu wawili, na mke wangu anaiita mke mwenza. Hapa Dodoma, ambako ukisema pikipiki mtu anafikiria Boxer yenye abiria wawili na gunia la mkaa, ikikatiza mtaani watoto wanaacha mpira. Imevaa plastiki mwili mzima, yale tunayoyaita makava, na makava hayo yanashikwa na bolti ndogondogo. Kwenye yangu nilihesabu 28.

Nilizihesabu kwa sababu nilizipoteza. Mwezi wa 7 niliyafungua makava ili nitoe vumbi. Anayeijua Dodoma ya kiangazi anajua vumbi hilo halikai juu ya kitu, linahamia. Bolti nikaziweka kwenye kikombe cha uji, kikombe nikakiacha barazani, nikaingia ndani kula. Nilipotoka, mwanangu wa miaka sita alikuwa ameshachimba mashimo ya bao uani na anacheza na mtoto wa jirani, kete zikiwa ni bolti zangu. Waliniambia nisubiri mchezo uishe. Nikasubiri, sijui kwa nini, na mchezo ulipoisha tukaokota 17. Nyingine 11, wakasema, "zililiwa."

Kwa wiki mbili nikatembea na waya, skrubu mbili za kitanda, na bolti moja ya mlango wa jiko iliyoingia vizuri mpaka nikatilia shaka Wajapani.

Nikaenda kwa fundi wangu, ambaye gereji yake ni mwarobaini mmoja na benchi moja maeneo ya Chang'ombe. Akapiga simu Dar es Salaam, akarudi na jibu: za orijino zipo za kuagiza, wiki nne, kila bolti shilingi 11,500.

"Bolti moja?"

"Moja, bosi. Kwa 11 ni 126,500."

Nikamwuliza kama zina dawa ndani. Hakucheka. Aliokota bolti yangu mojawapo ya zamani, akaifuta kwenye ovaroli, akaniwekea kiganjani. "Tazama hapo." Kichwa kimetandaza kama uyoga. Chini ya kichwa kuna shingo fupi, laini, haina uzi, nene kuliko uzi wenyewe. Uzi unaanza baadaye, milimita chache tu. "Hiyo shingo inapita kwenye raba ya kava, inafika kwenye chuma, inagota. Ukikaza, unakaza chuma kwa chuma. Plastiki inabaki inapumua. Mjapani aliiweka kwa ajili ya watu wenye mikono kama yako."

Akaendelea, maana akianza haachi. Kwamba hazilingani: kuna za M5 na za M6, yaani za unene wa milimita 5 na milimita 6, kuna fupi na ndefu, na kila moja ina kitanda chake inacholala. Kwamba si lazima ziwe orijino. Zipo za kampuni nyingine nzuri tu, za chuma kisichoshika kutu, mradi ziwe na ile shingo na urefu uleule, na ukizifunga kwenye alumini upake grisi kidogo, la sivyo vinagandana siku ukitaka kufungua. Akasema angenitafutia hizo 11 kwa nusu ya bei, kwa kupima moja moja.

Hapo mtu mwenye akili angemshukuru fundi. Mimi nikamwuliza, "Zipo za rangi ya dhahabu?"

Fundi akainama, akaendelea na karabureta ya watu.

Za dhahabu nilizipata mwenyewe kwenye simu, saa tano usiku. Seti nzima ya bolti 30, alumini iliyopakwa rangi, shilingi 65,000 pamoja na usafiri. Tangazo lilisema zinaingia pikipiki zote. Leo najua kwamba vitu vinavyoingia pikipiki zote ni viwili tu, petroli na vumbi, lakini usiku ule nilikuwa naona picha. Ziling'aa! Nikatuma hela, na kesho yake jioni nikaenda kuchukua kifurushi stendi ya mabasi Nzuguni. Kwa kupiga hesabu nilikuwa nimeokoa 61,500, na nikawa natembea kama mtu aliyeokoa milioni.

Nilizifunga Ijumaa usiku, mkesha wa harusi, mke wangu akinimulikia kwa simu huku mkono wa pili ukiwa na hina bichi. Jambo la kwanza niliona zote zina urefu mmoja, kasoro nne. Bolti yangu ya zamani iliyokuwa inakaa karibu na rejeta nikiiweka kando ya hii mpya, ilionekana kama mtoto aliyesimama na mjomba wake.

"Si zinazidi?" mke wangu akauliza.

"Zinashika vizuri zaidi," nikamjibu. Mke wangu ana diploma ya ushonaji. Mtu anayejua kwamba kifungo kina kipimo chake alikuwa pale pale, na hina mkononi, nami nikamwambia amulike vizuri.

Jambo la pili, shingo hamna. Bolti nzima ni uzi tangu kichwani mpaka kwenye ncha. Nikakaza. Plastiki ikaanza kubonyea kuzunguka bolti. Nikaendelea kukaza. Ikalia tak! kasauti kadogo, nami nikadhani ndiyo sauti ya kitu kilichofika mahali pake. Nilisikia tak hiyo mara saba usiku ule, na kila ikilia nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Bolti ya nane ilinipa elimu tofauti: alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ikaanza kuzunguka ndani ya kichwa kama mwiko kwenye uji, na unga wa dhahabu ukanidondokea kwenye kandambili. Alumini ni laini, na pembe sita zilikuwa zimekuwa duara. Nikaiacha hivyo hivyo. Kwa nje ilikuwa inang'aa, na kilichokuwa kinatafutwa ni kung'aa.

Jumamosi ikafika. Kanisani kulikwenda vizuri, sina la kusema. Tukatoka, tukazunguka Nyerere Square kupiga picha, na nakiri hapo ndipo nilipofurahi kuliko bwana harusi. Mpiga video alinisogelea, akainama, akazipiga bolti zangu picha ya karibu, moja baada ya nyingine. Mama mkwe mwenyewe, mwalimu mstaafu asiyesifu ovyo, alisema, "Mkwe, leo umependeza mpaka chombo."

Msafara ukapangwa: mimi mbele, nyuma yangu pikapu ya matarumbeta na mpiga video juu yake, kisha gari la maharusi, kisha la wazazi. Tukashika barabara ya Dar es Salaam kuelekea ukumbini Kisasa. Sasa, mwezi wa 8 Dodoma kuna upepo. Siongelei upepo wa kupeperusha kanga. Ni upepo unaofungua geti na kuingia kama mwenye nyumba. Na ukielekea Kisasa saa za alasiri, unakutana nao uso kwa uso.

Kwenye tuta la kwanza nikasikia kwa-kwa-kwa upande wa kushoto. Nikadhani ni ngoma ya matarumbeta. Kwenye tuta la pili bolti moja ikaruka, nikaiona kabisa ikipita hewani, inang'aa, imependeza. Nikashusha mkono kushika kava. Mkono mmoja kwenye kava, mmoja kwenye usukani, shingo nimeiinua kwa sababu kamera iko nyuma. Watu barabarani wakaanza kunipungia, nami sina mkono wa kuwapungia, nikawa natikisa helmeti kama kondoo.

Kisha upepo ukaja wote. Sikusikia hata kuvunjika. Kava la kushoto lilitoka zima zima, likaacha vipande vya plastiki kwenye matundu yaliyolia tak, likapanda juu, likageuka mara mbili, likapita juu ya pikapu. Mpiga tarumbeta mkubwa aliinama bila kuacha kupuliza, na noti ile aliyoitoa naisikia mpaka leo. Likavuka barabara, likaangukia nyuma ya vibanda, likapotea.

Tukasimama. Watu wakashuka. Kila mtu akanipa pole, na katika pole zile zilikuwemo tatu zenye kicheko. Mama mkwe akashuka na kitenge chake cha dhahabu, akaja taratibu, akasimama hatua mbili kutoka pikipiki, upande wa kulia, mikono nyuma, kama anakagua daftari.

"Na hili la huku liko salama?"

Nikasema ngoja nilifungue kabisa, lisije likaruka na lenyewe. Nikatoa alenki mfukoni, nikaanza na ile bolti ndefu ya katikati.

Nieleze hapa, kwa sababu baadaye fundi ndiye aliyenieleza. Ile bolti ilikuwa imepita kava, imepita nati, imefika kwenye rejeta na kuanza kuikwangua kwa kila mtikisiko, tangu kanisani. Ilikuwa imeshatoboa. Lakini kwa kuwa ilibaki pale pale kwenye tundu, ilikuwa pia ndiyo kizibo. Adui na mlinzi, mtu mmoja. Injini imechemka, rejeta ina presha, na mimi nimepiga magoti nikizungusha alenki kwa upole.

Bolti ilipotoka, kulanti, yale maji ya kupozea injini, ilitoka nayo. Ya kijani. Mimi nilikwepa, huo ni mwili tu unakwepa wenyewe, siyo adabu mbaya. Upepo ukaichukua, ukaipoza, ukaipeleka yote kwa mama mkwe. Haikumuunguza, namshukuru Mungu, lakini kitenge cha dhahabu na zambarau kikawa na rangi ya tatu ambayo kamati haikuipitisha.

Hakusema kitu. Alifungua mkoba, akatoa leso, akajifuta shavu, akaitazama ile leso, akarudi kwenye gari. Matarumbeta yakaanza tena, kwa sauti ya chini kidogo. Ukumbini nilifika nimekaa kwenye pikapu, kati ya ngoma kubwa na mpiga video, ambaye njia nzima alikuwa ananionyesha alichokipata. Alikipata chote.

Jumanne nikaenda kutafuta kava. Nilikuwa nimeshakwenda kwa fundi kuchomelea rejeta, 45,000, kulanti mpya nje ya hiyo, na fundi hakuniambia "nilikwambia." Alinipa tu mfuko mdogo wenye bolti 11 nyeusi. Alikuwa ameshazitafuta siku ile ile niliyoondoka.

Nikapita nyuma ya vibanda nikiulizia, mpaka nikafika kwa mama mmoja anayeuza zabibu kando ya barabara. Zilikuwa ndiyo zimeanza msimu, vichala vyeusi, vimepangwa vizuri juu ya kitu chekundu kilichojikunja kama ganda la kobe. Pembeni mwake zilining'inia bolti mbili za dhahabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ni tamu, onja."

"Mama, hiyo sahani..."

"Sahani siuzi. Nauza zabibu."

"Ni kava la pikipiki yangu, mama."

Akalitazama, akanitazama. "Pikipiki ina mlango?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema beseni lake lilipasuka Ijumaa, akaomba, na Jumamosi alasiri jibu likashuka kutoka juu na muziki wa matarumbeta nyuma yake. Mimi nani wa kubishana na hilo? Akanionyesha alivyolifunga kwenye meza: ametoboa matundu mawili kwa msumari wa moto, akapitisha waya, akapiga fundo. "Upepo wote huu," akasema, akilitikisa kwa kiganja. Halikusogea hata kidogo.

Tulielewana baada ya nusu saa. Ninunue zabibu zote na nimletee beseni jipya, ndipo nilichukue. Beseni 15,000, zabibu 40,000, bodaboda ya kunirudisha nyumbani 3,000, nikiwa nyuma nimekumbatia kava lililojaa zabibu.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe barazani. Amekuja kuaga, basi lake ni kesho asubuhi. Nikaliweka kava mbele yake kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikasema karibu mama.

Akachukua kichala kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza taratibu.

"Mkwe," akasema, "hizi umeziosha kwa maji ya kawaida, au kwa yale ya kijani?"