Msimsainishe mtu kwa sababu ya shida yake

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yangu wa Uyole kwenye tawi la kampuni ya bima hapa Mbeya mjini, na hasira niliyotoka nayo huko haijapoa. Canter lake, analobebea viazi kutoka Isyonje, liligongwa na lori lililofeli breki kwenye mteremko wa Mlima Nyoka. Ana bima kubwa, ile inayolipia hata gari la mwenye bima mwenyewe, alitoa taarifa mapema, polisi walikagua gari na kutoa ripoti yao, mkadiria hasara alifika, na gereji ikatoa ankara. Kisha kikafuata kimya cha miezi. Alipoitwa hatimaye, aliwekewa mezani karatasi moja ya Kiingereza, yenye kiasi kisichofika nusu ya ankara, na pale pa kutia saini palikuwa pameshawekwa alama ya X kwa kalamu nyekundu.

"Mama, ukisaini leo, fedha zitaingia wiki hii," kijana wa mapokezi alimwambia kwa heshima zote. "Ukikataa, faili linarudi Dar es Salaam, na siwezi kukuahidi litatoka lini."

Karatasi ile ni hati ya kuridhia malipo. Anayeisaini anakubali kwamba kiasi kilichoandikwa ni malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena chochote kutokana na ajali hiyo. Sipingi kuwepo kwake, kwa maana kampuni nayo inahitaji kufunga faili. Ninachopinga ni kumpa mtu hati hiyo baada ya kumchelewesha mpaka akiba yake imekwisha, huku marejesho ya mkopo wa gari hayajasimama hata mwezi mmoja, na gereji inaanza kudai gharama ya maegesho. Mtu aliyefikishwa hapo hana nafasi ya kuridhia wala kukataa. Atasaini chochote kitakachompatia fedha za kuanzia. Jirani yangu aliuliza kiasi kile kimepatikanaje, akajibiwa kwamba ni mahesabu ya makao makuu. Hakuonyeshwa ripoti ya mkadiria hasara, hakuambiwa ni kiasi gani kimekatwa kwa uchakavu wa vipuri wala ni kiasi gani ni mchango wake mwenyewe katika hasara, na hakuna aliyemweleza kama bei zilizotumika ni za Kariakoo au za hapa Mwanjelwa, ambako kipuri kinauzwa kikiwa kimeongezewa nauli ya safari nzima.

Upande wa mteja, hesabu haina kificho hata kidogo. Mwenye gari binafsi la shilingi milioni 20 hulipa, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, shilingi 700,000, na ikiongezwa VAT ya asilimia 18 inafika 826,000, na bima haianzi mpaka ada hiyo iwe imelipwa. Zaidi ya hayo, kampuni ikishamlipa mteja wake ina haki ya kumfuata mwenye lori aliyesababisha ajali, au bima yake, irejeshewe fedha zake. Mwenye Canter la viazi akishasaini hawezi tena kuirudia kampuni.

Nakubali kwamba wapo wadai wasio waaminifu, wanaopatana na mafundi kukuza ankara, na kampuni ina haki ya kukagua. Lakini ukaguzi ulishafanyika, na anayeshukiwa aambiwe anashukiwa kwa lipi.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya, na huko ndiko jirani yangu alikopeleka malalamiko yake kwa maandishi, akiwa hajasaini. Ninaloiomba TIRA ni agizo kwa kampuni zote: hati ya kuridhia isitolewe bila mchanganuo wa hesabu kwa Kiswahili pamoja na nakala ya ripoti ya mkadiria hasara, mteja apewe muda wa kwenda nayo nyumbani na kutafuta ushauri, na pale ambapo pande zote mbili zinakubaliana juu ya sehemu ya madai, sehemu hiyo ilipwe mara moja, mabishano yaendelee kwa kiasi kilichobaki tu.