Nyumba Iko Lenta, Kero Ni Mashuka Yangu

Jamani, mtu akiwa na mashuka ya viraka ambayo hayajaisha, kuna sheria ya mtaa kavunja? Nauliza kwa sababu hapa Chikongola, Mtwara, nimeshakuwa mfano wa kutolewa vikaoni. "Usiwe kama mama nanihii, kila kukicha anaanza jipya na la zamani liko uvunguni." Uvunguni kwangu wamefikaje?

Ni kweli viroba vipo. Viko uvunguni, viko juu ya kabati, na kimoja kimekalia kiti, mgeni akija inabidi asimame kwanza tukihamishe. Lakini kila kiroba kina sababu yake, na hakuna hata sababu moja iliyoanzia kwangu.

Chukua lile la bibi harusi. Nililianza vizuri, vitenge vya buluu na njano, vyote nimevifua kwanza. Maana kitenge kipya ukikishona hakijaguswa na maji, siku ya kufuliwa kinasinyaa na kuwavuta wenzake, na kikiwa chekundu kikachuja, umeumia. Nikaunga upande wa juu wote. Ndoa ikavunjika. Sasa nimalize nimpe nani? Nikate katikati kila mtu achukue chake?

Jingine ni la mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe siku hizi anatumwa dukani. Juzi nimemtuma yeye uzi wa shuka lake, na chenji hakurudisha.

La mama mkwe nalisema kwa sauti ya chini. Lile nilishona kwa kanga, na yale maandishi nikayaacha yaonekane, yapendeze. Kanga moja ilikuwa NANI KAMA MAMA. Nyingine KELELE ZA CHURA HAZIMZUII NG'OMBE KUNYWA MAJI. Ukikata vipande, jina nalo linakatika, na usiku ule umeme hakuna, naunga kwa tochi ya simu. Asubuhi natandaza nipige pasi, nakuta katikati kabisa, herufi kubwa kubwa: MAMA KELELE ZA CHURA. Hilo liko kwenye kiroba cha chini kuliko vyote na fundo nimekaza. Mama mkwe kila akija anauliza, "Mkwe, lile langu limefikia wapi?" Namwambia bado kidogo, mama.

Wanaosema "maliza" hawajui ugumu uko wapi. Kuunga viraka ni raha tupu, unapanga, unapangua, hiki kikae na kile. Shughuli inaanza ukifika kwenye matabaka matatu: juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Uyatandaze sakafuni, watoto wafukuzwe, uyapige bandi, ule mshono wa muda, yasihame. Halafu mshono upite kote, huku na huku, usipofanya hivyo cha katikati kikifuliwa kinajikusanya pembe moja na mwenye shuka anakuja kukudai. Sasa lichukue hilo shuka la futi 6 kwa 6 ulipitishe kwenye shingo ya cherehani ambayo kiganja chenyewe kinaingia kwa tabu. Unalikunja, unalisukuma kwa bega, mguu unakanyaga, mkanda unachomoka. Desemba hiyo, joto la Mtwara mnalijua, nawe umekumbatia blanketi. Halafu pembeni kuna mfuko wa mabaki mapya, mepesi, yanang'aa, hayana deni na mtu. Wewe ungefanya nini?

(Na wale wa "joto lote hili mablanketi ya nini," waende wakalale Newala mwezi wa saba, tuone nani atamwomba nani.)

Shoga yangu alinipa utaratibu: asubuhi la zamani, jioni jipya, haki sawa. Nikaufuata. Sema asubuhi ndiyo kuna chai ya watoto, vyombo, soko, na jirani wa kuazima chumvi anayekaa mpaka adhuhuri. Kwa hiyo jipya likaenda vizuri sana.

Halafu hayo mabaki sijayaita. Ikifika Juni, mavuno yameingia ndani, kila mtaa una mwali wa kutolewa, na shughuli bila sare siku hizi siyo shughuli. Mafundi wa sokoni wameshanijua. "Mama, nimekuwekea." Ukimkatalia anaviwasha moto na takataka. Kitenge kizima kizima, kina maua, kichomwe nami naangalia?

Lakini anayeniudhi hasa ni baba watoto. Nyumba yetu ya Mangamba aliianza kabla bomba la gesi halijazinduliwa mwaka 2015. Gesi imeshafika Dar es Salaam, sisi hatujafika kwenye paa. Imekomea lenta, pale juu ya milango na madirisha. Sebuleni umeota mpapai, umekua, umezaa, na majirani wanachuma. Kila msimu wa korosho naambiwa, "Mnada ukienda vizuri tunaezeka." Mnada unaenda vizuri, hela inaingia benki, na mume wangu anarudi na karatasi za kiwanja kingine, Naliendele, na mawe ya msingi ameshamwaga. Na watu wanamsifu! "Mzee anajituma, ana miradi." Yeye ana miradi, mimi nina viroba.

Mtu huyohuyo alikaa barazani na wenzake wa kahawa, akaniambia mbele yao, "Mke wangu, maliza kimoja ndipo uanze kingine." Mkononi kashika simu, kwenye simu kuna ramani ya vyumba vinne. Nikawaongezea kahawa wageni, nikaingia ndani. Nilichokisemea jikoni nakijua mimi na sufuria.

Sasa jana karudi Mangamba amenuna. Mbuzi wa jirani wameingia kupitia pale palipotakiwa kuwa na mlango, wametafuna mpapai, na wamelala chumba cha wageni, ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukilalia. Anataka nimshonee pazia zito la kuziba mlango, "la muda tu." Kidole akakinyoosha uvunguni. "Si utoe moja humo? Yapo yapo tu."

Yapo yapo tu! Shuka la bibi harusi likazuie mbuzi? Na lile la chini ndiyo kabisa, mama yake akienda kukagua nyumba asimame mlangoni asome?

Nikamwambia, baba, yale yana wenyewe, tulia. Kuna kitenge cha kijani fundi kanipa majuzi, kizito, kinaficha uchafu, nacho nilikuwa nakitafutia kazi. Nimeshakikata.