Siku Tisa za Kumzuia svchost

Chanzo ni ule ujumbe wa simu ambao kila mtu hapa mjini ameshaupata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mimi nimeupata mara nyingi hata siuhesabu, naufuta naendelea na maisha. Ila siku hiyo uliingia nimekaa mbele ya kompyuta najumlisha michango ya harusi, macho yako kwenye safu ya hela, simu inalia inasema hela. Nikajua moja kwa moja: wameingia. Wanaiona orodha.

Nieleze cheo changu kwanza. Mimi ni katibu wa kamati. Bibi harusi ni mdogo wake mke wangu, Mama Neema, kwa hiyo nilichaguliwa bila kupigiwa kura na bila kuwepo kikaoni. Orodha ya ahadi inakaa kwangu: nani kaahidi laki tatu, nani kalipa elfu ishirini kisha akaacha kupokea simu. Hizo siri zikivuja ukoo unagawanyika.

Antivirusi nilikuwa nayo, tena ya kulipia. Lakini jamaa mmoja kazini akaniambia antivirusi ni kama mbwa, anabweka mwizi akiwa ameshaingia uani. Mtu mwenye akili anajenga ukuta, yaani faiwoli. Hakuniambia kwamba Windows ina faiwoli yake humo humo ndani, na kwamba tangu mwaka 2004, enzi za Windows XP na sasisho lake la Service Pack 2, inakuja ikiwa imeshawashwa. Wala hakuniambia kwamba ile antivirusi yangu nayo ilikuwa na ya kwake. Nilipopakua ya tatu nikaiweka juu yao, nyumba yetu ya vyumba vitatu hapa Tabata ikawa na kuta tatu, na geti ambalo hata mimi sikujua liko upande gani.

Faiwoli mpya ilianza kwa adabu. Ikauliza: mtandao huu ni wa umma au wa binafsi? Nikageuka nikatazama sebuleni. Alikuwepo Neema na rafiki zake wawili, shemeji aliyekuja mwezi wa nne kwa siku tatu, jirani anayechaji simu, na mtoto mmoja anakula mkate ambaye mpaka leo sijui ni wa nani. Nikabonyeza "umma". Kwa kweli hata leo sioni nilikosea wapi.

Ikauliza tena: nijiamulie mwenyewe, au nikuulize kila kitu? Ndugu msomaji, unamuuliza hivyo katibu wa kamati ya harusi? Niulize kila kitu.

Ikaniuliza kila kitu. Kila baada ya sekunde chache kidirisha kinachomoza pembeni: programu fulani inataka kwenda intaneti, uiruhusu au uizuie? Ya kwanza ilikuwa ile ya kuperuzi, nikaipitisha. Ya pili ikaitwa svchost.exe. Nikajaribu kulitamka lile jina, ulimi ukagoma. Halafu nikakumbuka niliwahi kusoma mahali kwamba kuna virusi vinajificha kwa jina la namna hiyo. (Ni kweli vipo, ila vinapindua herufi, vinajiita scvhost, ili mtu mwenye haraka asione. Mimi sikuwa na haraka, nilikuwa na woga, na matokeo ni yale yale.) Nikazuia.

Akarudi. Nikazuia. Akarudi tena. Mgeni mwema ukimwambia mwenye nyumba hayupo anaondoka. Huyu alikuwa anagonga kama mdai wa Vikoba. Nikaona kuna kiboksi kimeandikwa "kumbuka jibu hili siku zote", nikakitia tiki. Kisha nikafungua orodha ya programu zinazoendelea ndani ya mashine nimuone vizuri. Kumbe hayuko peke yake! svchost, svchost, svchost, nikishuka chini bado wapo, kama kumbikumbi baada ya mvua.

Akaja mwingine, spoolsv.exe. Herufi za "sv" nilishazikariri, nikajua ni wa ukoo ule ule. Zuia. Akaja wa tatu ana jina la herufi na tarakimu zimechanganyika kama namba ya luku. Zuia na huyo.

Intaneti ikakata. Unadhani nilishtuka? Nilifurahi. Nikamwambia Mama Neema, "Nimemkamata akiwa ameshika waya."

Kesho yake antivirusi ikawa na alama nyekundu. Haisemi kuna virusi, inasema tu haiko salama. Mimi nikaona hiyo ni vita imepamba moto, nikaenda kwenye faiwoli nikakaza zaidi. Keshokutwa wekundu ukaongezeka, nikakaza tena. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo niliona ni la busara kupita yote: orodha ya michango na mafaili ya kadi nikavihamishia kwenye flashi yangu, ile inayokaa kwenye funguo na ambayo huwa siiazimishi kwa mtu yeyote kwa sababu zangu binafsi, nikavifuta kwenye kompyuta. Waje sasa wakute nyumba tupu.

"Baba Neema," mke wangu akaniita siku ya nne, "printa haitoi kadi."

Printa yetu ni ya Wi-Fi. Waya wake ulipotea tulipohama.

"Ni ulinzi, Mama Neema."

"Unamlinda nani asiprinti?"

Sikuwa na jibu, nikampigia fundi wa intaneti. Kijana wa watu akaja na ngazi, akabadilisha kichwa cha waya, akazima ruta akaiwasha, akakuna kichwa. Halafu akamwona shemeji kwenye kochi anaangalia mpira kwenye simu. "Mzee, huyu anatumia Wi-Fi ya humu?" Ndiyo. "Basi intaneti ipo. Kompyuta yako ndiyo haitaki." Nikamnywesha soda, nikamlipa nauli, na neno lake nikaliacha likapita kama gari la wagonjwa.

Kadi zilikuwa 120 na kamati inakaa Jumapili. Siku ya tisa nikaenda na flashi yangu steshenari, hapo kituoni, kwenye ile kompyuta ambayo kila mwenye CV Tabata nzima ameshachomeka flashi yake. Nikaprinti kadi zote, nikarudi kifua mbele.

Nikachomeka flashi nyumbani nisahihishe orodha. Kila folda ina kimshale kidogo pembeni. Orodha ya michango, ambayo ina jasho langu la miezi mitatu, imebaki na ukubwa wa KB 2, yaani karibu hamna kitu. Antivirusi ipo imenitazama tu, nyekundu, kimya.

Nikaketi sakafuni. Siku tisa nalinda mlango wa mbele, adui nimemleta mwenyewe mfukoni, kwenye funguo za nyumba.

Mama Neema akampigia mtoto wa dada yangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Akafika jioni, na kwa bahati mbaya mama mkwe naye alikuwa amefika kuchukua kadi. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akakaa, akaandika amri moja ya kuita namba 8.8.8.8, anwani ya Google huko intaneti, ikajibu vizuri. Akaita jina la tovuti, kimya. Akacheka kwa heshima, yaani mabega tu.

"Mjomba, umemfanya nini svchost?"

Nikaeleza kwa fahari iliyobaki. Akaniambia svchost si mtu, ni daladala. Ndani yake wamepanda abiria chungu nzima wa Windows: yupo anayeuliza jina la tovuti ni namba gani, yupo wa kurekebisha saa, yupo wa kuleta masasisho. "Sasa mjomba umerudisha daladala zima kwa sababu hukuipenda namba ya gari. Ndiyo maana kompyuta ukiipa namba ya tovuti inafika, ukiipa jina haijui pa kushuka."

"Na spoolsv?"

"Huyo anapeleka kazi kwa printa."

"Na yule mwenye jina la luku?"

Akasoma kwa muda. "Huyo ni antivirusi yako, mjomba. Alikuwa anaenda kuchukua orodha mpya ya virusi. Umemfungia ndani siku tisa, atavijuaje vya leo?"

Mama mkwe akasema, "Hee," akakaa vizuri kwenye kiti.

Kijana akaing'oa ile faiwoli ya tatu. Ile ya Windows akaikuta imezimwa na ya antivirusi, akasema ndivyo inavyotakiwa, inalinda moja tu. Mtandao akaugeuza kuwa wa binafsi, ingawa mtoto wa mkate bado alikuwepo. Antivirusi ikavuta pumzi, ikavuta na masasisho, ikapita kwenye flashi ikamkamata mdudu ndani ya dakika mbili. Printa ikajitapikia kadi moja kutoka siku ya nne.

"Orodha je?" nikauliza.

"Ipo. Kirusi cha namna hii hakijala kitu, kimevificha tu vya kwako kikaweka njia za mkato juu. Tunaandika hivi." Akaandika attrib, halafu -h, -r, -s, halafu /s na /d. "Hapo vyote vilivyofichwa kwenye flashi vinatoka nje."

Lile neno "vyote" lilinifikia kidole chake kikiwa kimeshabonyeza.

Folda zikaibuka moja moja. Kadi. Orodha ya Michango. Vikao. Na moja inaitwa "Mengineyo", ambayo haikufichwa na kirusi. Hiyo niliificha mwenyewe.

"Hii nayo ni ya harusi, mjomba?" Na bila kungoja jibu akaifungua ahakikishe iko salama.

Ikatokea proforma, yaani karatasi ya bei ya dukani, ya televisheni inchi 43, yenye jina langu kamili, ya wiki ile ile niliyomwambia Mama Neema kwamba hali ngumu, ahadi yangu ya laki tatu nitaitoa mwezi ukigeuka. Mama mkwe akatoa miwani kwenye pochi, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Akasoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole.

"Baba Neema," mke wangu akasema kwa sauti ya chini sana, "arobaini na tatu?"

Nikaangalia pembeni ya skrini, pale kidirisha kilipokuwa kinachomoza. Siku tisa kilikuwa kinaniuliza nizuie au niruhusu. Sasa hivi, hakuna.

Mchango wangu uliingia saa tatu na dakika kumi usiku. Risiti nilimtumia mama mkwe mwenyewe.