Mgonjwa wa selimundu anayehema kwa shida asilazwe chali

Mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambapo seli nyekundu za damu hupinda kama mundu, anapobanwa na maumivu ya kifua au mgongo, wanaomuuguza hukimbilia kumlaza chali, wakiamini kwamba kulala ndiko kupumzika. Naona huo ni wema unaomnyima pumzi, na sielewi kwa nini dawa na dripu huandikwa kwenye faili kwa makini ilhali namna ya kumkalisha huachiwa yeyote aliye karibu na kitanda.

Mtu akilala chali, viungo vya tumboni husukuma kiwambo, yaani msuli unaotenganisha tumbo na kifua, kuelekea kifuani, hasa ikiwa ini au bandama imevimba, na nafasi ya mapafu kutanuka hupungua. Seli mundu zikiziba mishipa midogo ya mbavu, kila pumzi ndefu huchoma, hivyo mgonjwa huhema juu juu tu. Vifuko vya hewa vya chini ya mapafu husinyaa, oksijeni hushuka, na oksijeni ikishuka himoglobini S, yaani himoglobini yenye kasoro iliyo ndani ya seli hizo, hushikamana na kupinda seli nyingine zaidi. Ndiyo maana aliyelazwa kwa maumivu ya mifupa pekee huweza kupata matatizo makali ya mapafu siku ya pili au ya tatu.

Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, au zaidi akipenda. Pasipo kitanda cha kuinuka, mito ipangwe kuanzia kiunoni hadi kichwani, kwa kuwa mto mmoja chini ya kichwa hukunja shingo tu, na mwingine uwekwe chini ya magoti ili asiteleze. Wengine hupata nafuu wakiketi na kuinamia meza yenye mto. Anayekohoa aukumbatie mto upande unaouma. Mwenye maumivu ya nyonga huenda asistahimili kuketi muda mrefu, kwa hiyo aulizwe. Mwili ni wake.

Mkao peke yake hautoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye maumivu ya kifua au mgongo waliovuta pumzi ndefu 10 kila baada ya saa 2 wakiwa macho, kwa kutumia kifaa maalumu cha mazoezi ya kupumua, walipata matatizo machache zaidi ya mapafu. Lakini nani atavuta pumzi ndefu mbavu zikimuuma? Dawa ya maumivu lazima itoshe, japo mofini ikizidi nayo hupunguza kasi ya kupumua.

Homa, kikohozi, maumivu mapya ya kifua au kuhema haraka ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda akahitaji oksijeni, antibiotiki au kuongezewa damu, na hakuna mpangilio wa mito unaoweza kuchukua nafasi ya hayo. Njiani, maadamu ana fahamu, asafirishwe akiwa ameketi na kuegemezwa.