Wanaishi Wote Wawili Wameshafariki

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili aliponiagiza niandae bibliografia yenye maelezo ya vyanzo 20, niliona kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa vyanzo vyenyewe nilikuwa nimekwisha kuvisoma na kila kimoja nilikuwa nimekiandikia aya yake ya muhtasari na tathmini. Kilichobaki ni kupanga marejeleo kwa mtindo wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani), toleo la 7 lililotoka mwaka 2019: jina la ukoo litangulie, mwaka utiwe katika mabano, kichwa cha kitabu kiwe cha herufi za mlazo, mji wa uchapishaji uondolewe, na kila mstari baada ya ule wa kwanza uingie ndani kwa sentimita 1.27. Hayo niliyamaliza Jumamosi, nikinung'unika kidogo tu pale Shaaban Robert alipogeuka kuwa "Robert, S.", jina ambalo mzee yeyote wa Tanga angelisikia angeuliza huyo alikuwa mzungu wa shamba lipi la mkonge.

Balaa lilianza Jumapili usiku. Mwongozo wa idara ulitaka kazi ya Kiswahili iwe na marejeleo ya Kiswahili, yaani "and" iwe "na", na "ed", kifupisho cha mhariri, iwe "mh." Badala ya kupitia kurasa 14 kwa macho yangu mwenyewe, niliiagiza kompyuta itafute na kubadilisha zote kwa mkupuo. Ilinijibu kwamba kwa "and" peke yake imefanya mabadiliko 312, nami nikajipongeza na kwenda kulala, bila kujiuliza vyanzo 20 vingezitoa wapi "and" mia tatu. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuiamuru itafute neno zima tu. Nilikiona, ila sikukitia alama.

Asubuhi nilipeleka flashi steshenari. Kijana wa pale, akiwa anabana kurasa kwa stepla, alisoma mistari miwili akaniuliza, "Kaka, hiki ni Kiswahili cha wapi?" Nilimjibu, kwa upole wa msomi, kwamba ni cha kitaaluma.

Katika semina yetu mtu hasomi kazi yake, bali ya jirani. Yangu ilimwangukia dada mmoja mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, ambaye husoma kilichoandikwa na wala hajitii huruma ya kukisahihisha.

"Wanaishi wa makala hii ni wawili," alisoma, "na wote wameshafariki."

Mwalimu alivua miwani. "Wanaishi, au wameshafariki?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoitazama nakala yangu kwa mara ya kwanza. Kompyuta ilikuwa imeingia ndani ya kila neno lenye herufi hizo tatu: Uganda ilikuwa Ugnaa, bandari ilikuwa bnaari, na mwandishi mmoja mmoja alikuwa mwnaishi, neno ambalo hata yule dada lilimshinda akalipita kwa kukohoa. Lakini waandishi walipokuwa wengi waligeuka "wanaishi", na uandishi ukawa "unaishi", na hayo, kwa bahati mbaya, ni Kiswahili safi kabisa. Kichwa changu kidogo cha "Waandishi bila wahariri" kilisomeka "Wanaishi bila wahariri", na sina hakika kama hakikuwa bora kuliko cha awali.

"Na huyu Mohammh.," Mwalimu aliuliza, "ubunge ameupata lini?"

Darasa lilivunjika mbavu, maana kwetu sisi "Mh.", nje ya bibliografia, ni Mheshimiwa. Kina Ahmed na kina Mohamed wote walikuwa wameingia bungeni usiku mmoja bila kupigiwa kura, huku pedagojia, iliyokuwa imejikalia zake pembeni, ikiwa imegeuka "pmh.agojia".

Jambo moja tu halikumchekesha Mwalimu, nalo ni vichwa vya vitabu vya Kiingereza, ambavyo katikati yake nilikuwa nimechomeka "na". Kichwa cha kitabu huachwa katika lugha yake, kwa sababu msomaji atakitafuta maktaba kwa jina hilohilo. Hilo alilisema akiwa amesimama, kisha akanipa hadi saa kumi alasiri.

Faili la awali halikuwapo tena, kwani nilikuwa nimehifadhi kazi mpya juu yake. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nilifikiri kwamba kama "and" iliweza kugeuka "na", basi njia ya kurudi ni ileile. Nikatoa agizo moja tu, kinyume cha lile la usiku. Mabadiliko 1,207. Nilichungulia ukurasa wa tatu nikaona waandishi wamerudi, Uganda imerudi, hata bandari imerudi, nikatoa nakala na kukimbia.

Saa kumi kasoro dakika tano niliiweka mezani kwake. Mwalimu hakufungua hata ukurasa mmoja. Alibaki kwenye jalada, kidole kikiwa chini ya jina la chuo, palipokuwa pameandikwa kwa herufi nene: "Jiand la mwaandfunzi".